Nguo Nayo Ina Zamu

Katika kitabu cha Marie Kondo, The Life-Changing Magic of Tidying Up, kuna katazo moja dogo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka wakielekea kwenye yale yaliyompa umaarufu. Kondo anakataza kuigeuza nguo iliyochoka kuwa nguo ya kushindia nyumbani. Kama haifai tena kutokea, basi haifai. Ishukuru, iage, itoe. Nimekisoma kitabu hiki mara mbili, na mara zote mbili nimekwama hapo hapo. Ninatoka Sale, Wilaya ya Ngorongoro. Kwetu katazo hilo likifuatwa Jumatatu, kufikia Jumatano nusu ya kijiji hakina cha kuvaa.

Tumpe kwanza haki yake. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014, na mwaka 2019 Netflix ikarusha kipindi chake. Njia yenyewe ni rahisi kueleza: toa nguo zako zote, zirundike mahali pamoja, shika moja moja, jiulize kama inakupa furaha. Inayokupa inabaki. Wenzangu wengi chuoni wanaijua njia hii bila kuwahi kukifungua kitabu, maana imeshashuka hadi kwenye video za dakika moja. Na inasaidia. Mtu akiliona rundo lake lote kwa mkupuo, ndipo anapojua boom lilikuwa linakwenda wapi.

Kuna zuri jingine. Kondo aliwahi kuhudumu kwa miaka mitano kwenye hekalu la Kishinto, na athari yake inaonekana pale anapotutaka tuishukuru nguo kabla ya kuachana nayo. Wapo waliolicheka jambo hilo. Mimi ndipo ninapokubaliana naye zaidi. Anayeishukuru nguo amekiri kwamba ilifanya kazi, na mtu aliyekiri hivyo haitupi ovyo.

Shida ni kwamba kwake shukrani inafunga hesabu. Nguo ikishashukuriwa inaingia mfukoni, mfuko unatoka mlangoni, na kitabu kinageukia rafu ya vitabu. Mfuko ulielekea wapi, na nani aliufungua, si habari yake tena. Swali lake linaulizwa na mtu mmoja, chumbani kwake, juu ya moyo wake.

Sale ni nchi ya mifereji. Batemi, ambao majirani huwaita Wasonjo, wamelima kwa umwagiliaji kwa vizazi vingi. Robert F. Gray, mwanaanthropolojia aliyechapisha The Sonjo of Tanganyika mwaka 1963, alieleza jinsi wazee walivyosimamia mgao wa maji hayo. Mwenye shamba hakai kando ya mfereji akajiuliza kama maji yanampa furaha. Anajiuliza zamu yake inaanza lini, inaisha lini, na anayemfuata ni nani. Nimekulia kwenye hesabu hiyo, na hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya sanduku la bati la mama.

Gauni la Krismasi huanza kama nguo ya kutokea. Likipauka linakuwa la kushindia. Likichanika kwapani linapigwa kiraka na kwenda shambani. Mwenye gauni akirefuka, linashuka kwa mdogo wake, na mwisho wa safari linakuwa tambara la deki au kishikio cha sufuria. Doti ya kanga hukatwa vipande viwili: kimoja kinabaki kwa mama, kingine kinambeba mtoto wa shangazi. Shuka la jirani yetu Mmasai ni vazi mchana na blanketi usiku. Daraja hizi ambazo Kondo anaziona kama visingizio vya kung'ang'ania vitu, kwetu ndizo zamu zenyewe.

Sisemi haya ili kuusifu ufukara. Mwaka 2010 Mmarekani Courtney Carver alianzisha Project 333, sharti la kuvaa vitu 33 tu kwa miezi mitatu, viatu na vito vikihesabiwa humo. Ningempelekea mama sharti hilo, angeuliza vile vinavyopungua kufika 33 ataletewa lini. Kuwa na vichache kwa kuchagua na kuwa na vichache kwa kukosa ni mambo mawili, na vitabu vya aina hii huyachanganya mara nyingi mno.

Lakini kuna mahali Kondo ananibana. Anaonya usimpe mdogo wako nguo usizozitaka, kwa kuwa mdogo hana ubavu wa kukataa. Atapokea, atajaza kabati lake, na wewe utajiona mkarimu. Ni kweli tupu. Mimi ni wa tatu kati ya mabinti wanne. Nimevaa sweta la shule ambalo mikono yake ilikuwa na umbo la viwiko vya dada zangu wawili, na hakuna aliyeniuliza. Zamu ina uzuri wake, ila anayesimama mwisho wa foleni hupata kilichobaki, si anachokitaka. Anayeisifu mila hii bila kumtaja kitinda mimba hajaieleza yote.

Hata hivyo, dawa ya Kondo haimwondoi mdogo, inambadilisha tu. Mfuko anaoepushwa nao dada wa Tokyo au Chicago haupotei hewani. Nguo nyingi za namna hiyo hufungwa kwenye mabalo na kuingia melini, na sisi ndio tunaoyafungua: Karume Dar es Salaam, Memorial Moshi, kwenye minada ya Karatu, hadi Waso. Zamani mitumba iliitwa kafa Ulaya, na jina hilo nalisoma kama uhakiki mfupi kuliko huu wangu. Aliyelitunga aliona koti zima, lenye vifungo vyote, akashindwa kuamini kwamba mtu aliye hai angeliacha. Akaona lazima mwenyewe amekufa.

Na mdogo huyu wa mbali alijaribu kukataa. Machi 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakakubaliana kuondokana na mitumba ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo zake chini ya AGOA. Nchi nyingine zilikuwa zimeshalegeza msimamo. Kondo anasema mdogo hawezi kukataa. Ukubwa wa ukweli huo haumo kitabuni.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba nguo zenyewe zinaacha kuwa na zamu. Blauzi ya plastiki inayonunuliwa mtandaoni leo, ukiifua mara tatu kwa sabuni ya mche imeshavutika shingo. Haifiki kwa mdogo, haifai kiraka, na hata deki haiwezi kwa sababu hainyonyi maji. Akiba haiozi, wanasema wazee, lakini walisema hivyo wakiwa na pamba mkononi.

Mwaka 2023 Kondo mwenyewe alikiri kwamba tangu apate mtoto wa tatu amelegeza kamba ya usafi nyumbani. Wengi walimtania. Mimi niliona nyumba yenye watoto watatu imempeleka kwenye jambo ambalo njia yake ililikwepa: ndani ya nyumba yupo daima anayefuata.

Kwa hiyo usilitupe swali lake, libebe hadi dukani. Kabla ya kulipa, shika nguo kama anavyofundisha, halafu ongeza mengine mawili: baada yangu itamfaa nani, na huyo atakuwa huru kusema hapana? Nguo isiyo na jibu iache kwenye henga. Kabati lako litapungua bila mfuko wowote kutoka mlangoni.