Povu Lisilo na Kelele

Sogeza sikio karibu na bakuli la povu la kunyolea. Povu bovu lina sauti. Linachiriza kama kaango linalopoa, kwa sababu viputo vyake vikubwa vinapasuka kimoja kimoja na hewa inatoroka. Ukilipaka usoni, hujafika shavu la pili, la kwanza limeshakauka na kuacha ukoko mweupe. Povu zuri limenyamaza. Limetulia bakulini kama mtindi ulioganda vyema, linang'aa, na ukitia ncha ya kidole ukaitoa, kishimo kinabaki pale pale. Siku hizi tukisema mtu "ametoa povu", tunamaanisha amesema mengi kwa hasira. Povu ninalolisifu hapa halisemi kitu.

Kulisikiliza nilifundishwa na mjomba wangu, baharia aliyestaafu, katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Kila asubuhi baada ya swala alikaa barazani na vitu vyake: bakuli, brashi, wembe, jiwe la shabu, na kibati chenye sabuni ya kunyolea, nyeupe, ya duara, ngumu na nzito mkononi kama jiwe la mtoni. Mimi ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinachomoza. Siku moja nikaiazima sabuni ile, nikateka maji kisimani, nikazungusha brashi mpaka mkono ukachoka. Nilichopata ni maji meupe mfano wa yale ya kuoshea mchele.

"Mjomba, sabuni hii imekwisha nguvu," nikamwambia.

Hakuinua kichwa. "Sabuni haina neno, mwanangu. Neno liko kwenye maji." Akanisogezea mtungi uliokuwa nyuma ya mlango. Mlikuwa na maji ya mvua.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Jiwe hilo ndilo lililojenga Mji wa Kale, na jiwe hilo hilo likichomwa tanuruni hutoa chokaa ya kuungia kuta na kuzipaka. Visima navyo vimechimbwa humo humo. Maji yakipenya kwenye mwamba huo huyeyusha kiasi cha chokaa na kuibeba, na karibu na bahari huongezea chumvi. Kwa kunywa utaionja ile chumvi, lakini chokaa huioni mpaka uyatie maji hayo sabuni. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine hupenda mafuta, na chembe hizo zikijipanga vizuri hutandaza utando mwembamba unaofunga hewa. Kiputo ni hicho tu. Chokaa ikiwahi, inaishika ile ncha ya maji na kuifanya sabuni igande, isiyeyuke tena. Ndio ule utando wa kijivu unaong'ang'ania ukingoni mwa karai. Kwa hiyo katika maji ya kisima sehemu ya kwanza ya sabuni yako inalipa ushuru wa chokaa, na povu halianzi mpaka ushuru uishe. Mimi nilikuwa nimetia sabuni ya kulipia ushuru peke yake.

Kuchemsha maji husaidia kiasi. Tazama ndani ya birika la zamani uone magamba meupe: hiyo ni chokaa iliyoshuka kwa moto, isingeshuka ingekuwa kwenye bakuli lako. Lakini si yote hushuka, na chumvi haishuki kamwe. Wako wanaokamulia ndimu ndani ya maji wakidhani watayalainisha. Wasifanye hivyo. Ukali wa ndimu unaivunja sabuni yenyewe na kuirudisha kuwa mafuta. Maji ya mvua hayajapita mwambani, hayadai ushuru, na tofauti yake mkononi haihitaji kuelezwa na mtaalamu.

Sabuni nayo ina kabila lake. Wengi hudhani sabuni ya kunyolea ni sabuni ya mche iliyotiwa manukato. Sivyo. Sabuni ya mche huundwa ili itoe uchafu na isuuzike upesi, ilhali hii inaundwa ikae usoni na ishike maji. Kazi hiyo inafanywa na asidi ya steariki, iliyomo kwa wingi katika shahamu ya ng'ombe, na ambayo watengenezaji wengi huiongeza makusudi. Ndiyo inayotoa viputo vidogo sana, vizito, visivyopasuka ovyo. Mafuta ya nazi kazi yake ni nyingine: hufanya povu lije haraka na kwa wingi, ila peke yake povu hilo ni jepesi na linakausha ngozi. Sabuni nzuri inachanganya vyote viwili. Magadi makali ya soda huifanya sabuni iwe ngumu, na yale ya potashi, ambayo zamani yalichujwa kwenye majivu ya kuni, huifanya iwe laini na iyeyuke kwa urahisi. Ndiyo maana sabuni nyingi ngumu za kunyolea zina kiasi cha kila moja: ugumu wa kukaa miezi kibatini, na ulaini wa kukubali brashi.

Habari ya nazi mjomba aliijua kwa njia ya chombo. Sabuni ya mafuta ya nazi ndiyo inayotoa povu hata kwa maji ya bahari, na mabaharia wameitegemea tangu zamani pale maji matamu yalipokuwa ya kunywa tu. Alipenda kunikumbusha kwamba mbata za Zanzibar zilipakiwa melini kupelekwa Marseille, mji wa sabuni wa Ufaransa, na kwamba yawezekana kabisa povu la mashavu ya Mfaransa lilianzia juu ya mnazi wa kwetu. Alilisema hilo kwa fahari, na mimi ninalirudia kwa fahari hiyo hiyo.

Kuhusu brashi, uliza imetengenezwa kwa nini kabla hujanunua. Nyingi za bei nafuu ni nywele za nguruwe. Mafundi wa Ulaya wanazisifu, maana kwa kutumika ncha zake hupasuka na kulainika mwaka hadi mwaka, lakini kwa Mwislamu hilo halina mjadala. Zipo za nywele za farasi, zipo za manyoya ya mnyama wa jamaa ya nyegere anayepatikana Ulaya na Asia, ambazo ni ghali, na siku hizi zipo za nyuzi za kiwandani zilizo nzuri kweli kweli, hukauka upesi na hazimezi povu. Hizo za mwisho ndizo ninazotumia. Nywele za mnyama zina historia yake nzito pia: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Uingereza na Marekani, wanaume waliugua kimeta na baadhi wakafa kwa brashi za nywele za farasi ambazo hazikusafishwa ipasavyo. Leo husafishwa.

Sasa kazi yenyewe. Siku ile mjomba aliniketisha mbele yake nitazame mikono yake, si uso wake.

Brashi aliilaza kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 2 au 3. Wakati huo alimimina kijiko kimoja cha maji juu ya sabuni na kuyaacha. Sabuni ngumu haipendi kushtukizwa. Ikipewa muda, uso wake unalainika na kuwa utelezi. Maji yale hakuyamwaga. Aliyapaka ndevuni. Kisha akaitoa brashi, akaikamua, akaikung'uta, ikabaki na unyevu tu. Hapo niliona kosa langu la pili, kwa maana mimi niliitia brashi ikichuruzika.

Akaanza kuzungusha juu ya sabuni, mkono mwepesi, ncha za brashi tu. Nusu dakika ya kwanza vilikuja viputo vikubwa vya maji, vikapanda na kumwagika ukingoni. Macho yangu yaliona povu limekwisha kupatikana. Wengi huishia hapo, na ndiyo maana wengi huilaumu sabuni. Yeye hakusimama. Viputo vikaanza kupungua ukubwa, weupe ukazidi, ile sauti ya kuchiriza ikafifia, na brashi ikaanza kuwa nzito kama mwiko kwenye ugali unaokaribia kuiva. Juu ya sabuni kukabaki mistari ya nywele za brashi, haifutiki. Ilichukua dakika nzima na zaidi. "Imeshiba," akasema, akaihamishia kwenye bakuli.

Pale bakulini kulikuwa na kitu kizito, kimefubaa, hakivutii. Bado hakijawa povu. Ni sabuni inayosubiri maji. Akachovya ncha za vidole mtungini, akadondosha matone 3 au 4, akakoroga. Uji ule ukaumuka. Matone mengine, akakoroga. Ukaumuka tena, na mara hii ukaanza kung'aa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ni kinyume cha ugali. Kwenye ugali maji hutangulia na unga huongezwa kidogo kidogo mpaka ushikane. Kwenye povu sabuni ndiyo hutangulia, na maji hufuata kidogo kidogo mpaka ilegee. Atakayeanza na maji mengi atakuwa anapika uji.

Namna ya kujua kiasi ni kutazama na kugusa. Povu lililofubaa bado lina kiu. Linalong'aa limetosha, au limekaribia. Likianza kuteremka ukingoni na viputo vikubwa kurudi, limezama, na dawa yake si kukoroga kwa nguvu bali kurudisha brashi kwenye sabuni. Halafu chukua kidogo, ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Linapaswa kuteleza kama bamia iliyopikwa. Wingi hauna maana kama halitelezi, kwa kuwa wembe haunyoi wingi.

Kwa ndevu zetu jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Unywele ukinyonya maji hulainika, na wembe huukata bila kuuvuta. Kazi ya povu ni kuyashikilia maji yale yasikauke mpaka wembe upite. Na sisi wengi nywele zetu hujikunja. Ukikandamiza wembe, ukanyoa kinyume cha ndevu zinavyolala, ncha iliyokatwa chini mno hujikunja na kuingia tena ngozini, na shingo inajaa vipele. Nimeona vijana wakinunua mafuta ya kila aina ya kutibu vipele ambavyo wangevipunguza kwa povu zuri, mkono mwepesi na kufuata mlalo wa ndevu. Lile la kopo, linalosukumwa na gesi, huwahi kazini, ni kweli. Lakini sehemu kubwa yake ni hiyo gesi, na huna nafasi ya kuliongezea tone la maji pale ndevu zako zinapolihitaji.

Mjomba alimaliza kwa shabu. Aliilowesha, akaipitisha usoni polepole, akasubiri. Shabu huwasha mahali wembe ulipokwaruza hata kama damu haikutoka. Siku ile haikumwasha popote. Akanipa mimi brashi, maji ya mtungini na zamu yangu, na shabu iliniwasha chini ya taya tu, mahali nilipofanya haraka.

Nawe usichukue neno langu hivi hivi. Masika yakianza, iache mvua ya kwanza ioshe bati, kisha tega ndoo. Chukua sabuni moja na mabakuli mawili, moja la maji ya kisima, jingine la maji ya mvua, na zungusha brashi dakika moja kila upande. Halafu inama usikilize.