Mapanki na Kamera: Nani Anamwonyesha Mnyonge?

Katika mapambano ya fikra picha ni silaha. Kwa hiyo swali letu la kwanza ni imo mikononi mwa nani, na inamtumikia nani. Filamu ya Jinamizi la Darwin, iliyotengenezwa mwaka 2004 na Hubert Sauper wa Austria huko Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, inatufaa kuwa somo.

Tuanze na ukweli wake. Filamu inaonyesha minofu ya sangara ikisafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki kiwandani, yakianikwa na kukaangwa kwa ajili ya wananchi. Sangara alipandikizwa ziwani enzi za ukoloni, katika miaka ya 1950. Soko la nje likamgeuza kuwa bidhaa ya mabepari. Minofu ikaenda ng'ambo, mabaki yakabaki kwa wavujajasho. Mkinzano huo Sauper aliuona, na hatuna sababu ya kumbeza.

Kasoro ziko kwingine. Kwanza, tuhuma kwamba ndege hizo huleta silaha imetanda filamu nzima, lakini silaha zenyewe hazionyeshwi. Yako masimulizi tu. Pili, mwananchi anaonyeshwa zaidi kama mgonjwa, mlevi au yatima. Ni nadra kumwona kama mzalishaji anayepanga na wenzake namna ya kubadili hali yake. Mtazamaji wa Ulaya humwonea huruma, kisha basi. Na huruma haipandishi bei ya samaki mwaloni. Mwaka 2006 filamu ilishindania tuzo ya Oscar; sifa zilimwendea mwenye kamera, siyo mama aliyegeuza mapanki katikati ya funza.

Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwa kulichafua jina la nchi. Hasira hiyo inaeleweka. Lakini kada anayeishia kwenye hasira analinda sura ya nchi na kusahau maslahi ya mvuvi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aibu haimo katika kuonyeshwa mapanki. Imo katika mfumo unaomwachia mzalishaji mapanki.

Basi akija mgeni kijijini na kamera, tusikimbilie kumfukuza, wala tusimshangilie kwa tamaa ya msaada. Wanakijiji wakutane wamwulize: Picha hizi zitaonyeshwa wapi, na kwa lugha gani? Nani atafaidika? Je, sisi tutaziona kabla ya wengine? Asiyetaka kujibu amekuja kuvuna, kama walivyovuna wenye viwanda.

Hata hivyo maswali peke yake hayatoshi. Katika miaka ya 1970 Kampuni ya Filamu Tanzania ilitengeneza Fimbo ya Mnyonge, ikazungumzia vijiji vya ujamaa kwa Kiswahili. Leo vijana wengi wana kamera katika simu zao. Kazi ya makada ni kuwasaidia waonyeshe shida pamoja na chanzo chake, na wavuvi wenyewe wawe wasemaji. Kujitegemea ni pamoja na kujieleza.