Waya Unaopumzika

Kipo mezani mbele yangu, kimelala juu ya karatasi: kidhibiti mwendo cha ndege ndogo ya rimoti, hakizidi ukucha wa dole gumba. Nimekivua ganda lake la plastiki. Kikiwa na nyaya zake kina gramu tano na ushei. Bila nyaya hazifiki mbili. Kumbe uzito mwingi ni shaba na risasi ya kulehemia. Akili haina uzito.

Ndege za kurushia ukumbini, zile za povu jembamba, zipo zisizofika gramu 100 pamoja na betri. Hapo gramu moja si mchezo. Zamani kulikuwa na vidhibiti vya ukinzani: mota ndogo ya servo ikisogeza mkono juu ya waya, umeme usiotakiwa ukaishia kuwa joto. Lilikuwa jiko lile! Transista za leo huruhusu umeme wote au huukata wote, maelfu ya mara kwa sekunde. Transista mbili zenye ukinzani wa omu 0.005 kila moja, zikipitisha ampia 10, hupoteza wati moja tu kati ya 74 zinazotoka kwenye betri ya volti 7.4. Joto likiwa dogo hivyo, kibati cha kupozea hakina kazi, kinatupwa.

Ila kinachonishika hasa ni nyaya tatu zinazokwenda kwenye mota. Kila wakati mbili zinapitisha umeme, wa tatu umepumzika. Umepumzika, lakini haukulala: sumaku zikipita mbele ya koili yake zinazalisha volti kidogo, na chipu ya kidhibiti inaipima volti hiyo ili ijue rota, ile sehemu inayozunguka, imefika wapi, kisha inahamishia umeme kwenye jozi nyingine. Mota yenye sumaku 14, ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, inahamishiwa umeme mara 5,600 kila sekunde. Kitambuzi cha pembeni hakuna, wala waya wa ziada. Mota ikiwa imesimama hakuna cha kupima, ndiyo maana inapoanza hujikurupusha kidogo kama mtu anayepapasa kitasa gizani.

Mimi nami niliwahi kujiona fundi wa wepesi. Nikafupisha nyaya, nikatoa ganda, halafu nikaiona kapasita, pipa lile nene pale betri inapoingilia. Nikaona ni kitambi tu, nikaikata. Siku hiyo sikufika hata mzunguko wa pili: harufu kwanza, halafu ukimya, halafu povu sakafuni. Kila transista inapokata umeme, nyaya za betri hurusha volti juu ghafla, na kapasita ndiyo inayoyameza mawimbi hayo. Aliyeibuni saketi ile alikuwa ameshapunguza vyote vya kupunguzwa kabla yangu. Aliacha kile kimoja akijua kwa nini.

Hiki cha leo nimekibadilishia nyaya tu, nyembamba zaidi, nikalehemu haraka nisichome bodi. Kapasita ipo mahali pake. Nachomeka betri. Spika hakina, kwa hiyo hutetemesha koili za mota yenyewe ndipo kipate sauti. Rafadha inatikisika kidogo, haizunguki. Pi, pi. Seli mbili za betri.