Ushahidi au Uthibitisho?

Katika maandishi ya afya imezoeleka istilahi "tiba inayozingatia ushahidi". Twaona ina kasoro.

Ushahidi ni neno la mahakamani. Mkazi wa Miembeni, Bukoba, akiambiwa kuwa dawa fulani ina ushahidi, atamtaja jirani aliyeinywa akapona. Huo ni ushuhuda, na maneno hayo mawili ni ya mzizi mmoja. Mwaka 2011 maelfu walikimbilia kikombe cha Samunge, Loliondo, kwa ushuhuda wa waliosema wamepona.

Sayansi ya tiba hudai kulinganisha na kuhesabu. Utafiti wa Mwanza uliotangazwa mwaka 1995 ulilinganisha jamii 12, ukaonyesha kuwa kutibu magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI kwa kadiri ya asilimia 40. Ule wa Rakai, Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kagera, uliotangazwa mwaka 1999, haukuona upungufu huo; huko watu wazima kwa jumla waligawiwa dawa majumbani, na ugonjwa ulikwisha kuenea sana. Mahakamani mashahidi wakipingana, mmoja hushukiwa uwongo. Hapa hakuna mwongo. Kila utafiti hupimwa kwa mazingira yake.

Twapendekeza "tiba ya uthibitisho", kwani kuthibitisha ni kazi ya kupima, na uthibitisho huweza kuwa imara au dhaifu. "Ushuhuda" ubakie kwa masimulizi ya wagonjwa. Waganga na wasomaji watuletee maoni yao kabla istilahi haijasanifiwa.