Kamera Iliposhuka Mtaani: Maangamizi ya Metropolis katika Batman v Superman

Batman v Superman: Dawn of Justice, filamu ya Zack Snyder iliyoingia kumbini Machi 2016, ni muendelezo uliojengwa juu ya malalamiko ya mashabiki. Filamu iliyoitangulia, Man of Steel ya 2013, iliishia kwa Superman na Jenerali Zod kupigana katikati ya jiji la Metropolis mpaka maghorofa yakalala chini, na watazamaji wengi walitoka ukumbini na swali moja: waliokuwa ndani ya majengo yale wameishia wapi? Muendelezo ulilichukua swali hilo ukalifanya kiini cha hadithi yake. Jinsi ulivyolijibu, kwa ufundi mkubwa mwanzoni na kwa ulegevu mwishoni, ndiko kulikowagawa mashabiki.

Chanzo cha lawama kilikuwa mahali kamera ilipowekwa. Karibu na mwisho wa Man of Steel, mtambo wa Wakriptoni, watu wa Zod, unalisaga jiji: magari na vifusi vinanyanyuliwa hewani, vinabamizwa chini, vinanyanyuliwa tena. Mtambo ukishashindwa, linafuata pigano la watu wawili ambao hakuna ukuta unaoweza kuwaumiza. Kamera inakwenda nao. Inapaa wanapopaa, inatoboa jengo wanapolitoboa, na jiji linaonekana kwa macho yao, kutoka juu na kwa mbali. Kati ya wakazi wote wa Metropolis, ni wafanyakazi watatu tu wa gazeti la Daily Planet wanaopewa muda wa maana ndani ya vumbi. Kisha, kabla Zod hajarudi kwa pigano la mwisho, Superman na mwandishi wa habari Lois Lane wanabusiana juu ya ardhi iliyogeuka majivu. Busu hilo liliwaudhi wengi kuliko jengo lolote lililoanguka, kwa sababu liliwataka watazamaji wafurahi mahali ambapo maiti walikuwa bado chini ya kifusi.

Mwandishi wa vitabu vya katuni Mark Waid, aliyetunga Superman: Birthright, alikuwa kati ya wa kwanza kulalamika hadharani kwamba shujaa huyu haonekani kuhangaika kuwanusuru watu. Mashabiki wa siku nyingi walikuwa na kipimo chao tayari. Katika Superman II ya 1980, Superman anapoona Zod na wenzake wanawageukia raia, analiacha jiji na kuwavuta maadui wamfuate mbali. Makadirio ya mtaalamu wa majanga yaliyosambaa mwaka 2013 yalitaja vifo 129,000 na watu 250,000 wasiojulikana walipo. Snyder mwenyewe alijitetea kwamba alitaka filamu iwe na ukubwa wa visasili vya kale, ambamo vifo vya wengi huwa ishara ya janga. Utetezi huo haukuwaridhisha walioguswa na jambo la karibu zaidi: vumbi lile, na watu waliofunikwa majivu, viliwakumbusha New York ya Septemba 2001.

Muendelezo unajibu kwa kurudi siku ile ile, saa ile ile, ila kamera sasa iko chini. Bruce Wayne, yaani Batman, anayeigizwa na Ben Affleck, anashuka kwenye helikopta, anaingia garini na kuliendesha kuelekea kule ambako kila mtu anakukimbia. Anampigia simu Jack, msimamizi wa ofisi zake, amwambie awatoe wafanyakazi wote. Jack anawatoa, yeye anabaki. Anasimama dirishani akisali huku miali ya macho ya Zod ikilikata jengo, na Bruce, aliye mtaani, analiona likiporomoka. Vumbi linapoufunika mtaa, watu wanakimbia kutoka ndani yake, naye anakimbia kuingia.

Ufundi wa dakika hizo unastahili kutazamwa polepole. Superman na Zod wamo, lakini wamekuwa vitone angani. Ngurumo zao zinasikika kwa mbali kabla ya madhara yake kufika. Ndani ya vumbi anatokea farasi asiye na mpandaji. Watoto wa shule wanapita wameongozana. Mfanyakazi wa kampuni yake, Wallace Keefe, amebanwa na chuma na haihisi tena miguu yake. Bruce anamnyakua msichana mdogo kifusi kisimwangukie, anamwuliza mama yake yuko wapi, na mtoto ananyoosha kidole kuelekea jengo lililokwisha kuanguka. Hapo ndipo Bruce anapoinua macho, na picha inapanda pamoja na macho yake hadi kwa wale wawili walio juu. Ukubwa wa uharibifu haukuongezwa hata kidogo; ni ule ule wa 2013. Kilichobadilika ni kwamba kila kishindo sasa kina mtu wa kukipokea, mwenye kazi, jina au mzazi. Hata baadhi ya waliokuja kuichukia filamu nzima waliukubali mwanzo huu.

Uzito huo unabebwa mbele kwa vitu vya kuonekana. Miezi 18 baadaye Metropolis ina bustani ya kumbukumbu, na katikati yake sanamu kubwa ya Superman imesimama kando ya kuta zenye majina ya waliokufa. Keefe, ambaye sasa hana miguu, anaipanda na kuandika kifuani mwake kwa rangi kwamba huyu ni mungu wa uongo. Seneta Finch anaitisha kikao cha Bunge kumhoji Superman. Bruce anapokea hundi za fidia zilizorudishwa na Keefe. Yote haya yanatoka katika hoja za mashabiki wenyewe, zikiwekwa vinywani mwa wahusika.

Penye Afrika ndipo kazi ilipoharibika mapema. Lawama ya pili dhidi ya Superman inaanzia Nairomi, nchi ya kubuni ambayo jina lake limepishana na la Nairobi kwa herufi moja. Lois yuko huko kumhoji jenerali wa waasi, mamluki wanawageuka wenyeji wao na kuwaua, Superman anafika kumwokoa Lois, na vifo vinahesabiwa juu yake. Katika toleo la kumbini waliokufa walipigwa risasi, na watazamaji wengi walishindwa kuelewa ni nani angemlaumu kwa risasi mtu asiyehitaji bunduki. Toleo refu lililotolewa baadaye mwaka huo, lenye dakika 30 hivi zaidi, linaonyesha mamluki wakizichoma maiti ili ionekane ni miali ya macho yake. Linaonyesha pia kwamba Kahina Ziri, Mwafrika anayetoa ushahidi mbele ya maseneta, alilazimishwa kusema uongo, akakiri kwa Finch, kisha akauawa. Mhariri aliyetafuta dakika za kupunguza alizipata kwa wanakijiji hao. Matokeo yake, waliokufa Nairomi wakabaki kuwa faili la kujadiliwa Washington, na shahidi wao akaondoka bila hadithi. Lawama ya Metropolis inaeleweka kwa sababu mtazamaji alikuwepo. Ya Nairomi haieleweki kwa sababu aliondolewa.

Mlipuko ndani ya Bunge uliathirika vivyo hivyo. Bomu limefichwa katika kiti cha magurudumu cha Keefe, na Superman anabaki amesimama katikati ya moto. Kumbini ilionekana kana kwamba hakujali. Toleo refu linaeleza kuwa kiti kilikuwa na risasi, madini ambayo macho yake hayapenyi, na linamwonyesha akimbeba majeruhi kumtoa nje. Kwa shujaa anayeshtakiwa kwa kutojali, picha hiyo moja ilikuwa na kazi kubwa kuliko hotuba nyingi za kikao.

Halafu linakuja pigano la mwisho na jitu liitwalo Doomsday, na filamu inaiacha njia yake yenyewe. Kamera inarudi juu. Badala ya kuwaonyesha watu wakiokolewa, muswada unawaondoa kwa maneno. Mtangazaji wa televisheni anasema saa za kazi zimekwisha na katikati ya jiji kuna watu wachache. Kisiwa cha Stryker kinatajwa kuwa hakina wakazi. Batman analivuta jitu kuelekea jiji lake la Gotham, Wonder Woman anamwuliza kwa nini amelirudisha mjini, naye anajibu kwamba bandari imehamwa. Mashabiki walizikamata sentensi hizi mara moja, na walikuwa na haki. Sentensi inayotangaza kwamba hakuna mtu mahali fulani inamwondolea mtazamaji wasiwasi, na pamoja na wasiwasi inaondoka sababu ya kutazama. Yanabaki mawimbi ya umeme na moto yasiyomgusa yeyote.

Fedha zilionyesha mgawanyiko huo. Filamu ilikusanya takriban dola milioni 166 Marekani katika wikiendi ya kwanza, kisha ikaporomoka kwa karibu asilimia 70 wikiendi iliyofuata, ingawa duniani kote ilifikia takriban dola milioni 870. Watetezi wake walishika dakika za mwanzo na, baadaye, toleo refu. Wapinzani walishika bandari tupu.

Washindani wao, Marvel, walikuwa wakilishughulikia tatizo lile lile. Avengers: Age of Ultron ya 2015 ilitumia sehemu kubwa ya mwisho wake kuwahamisha wakazi wa Sokovia, nchi ya kubuni. Captain America: Civil War, iliyotoka wiki chache tu baada ya filamu ya Snyder, ilimweka mama aliyefiwa na mwanawe huko Sokovia mbele ya Tony Stark, yaani Iron Man, kwenye korido, bila mlipuko wowote. Tukio hilo fupi linatosha kubeba mabadiliko yote ya Stark katika filamu hiyo. Hata hivyo mgogoro wake nao unaanzia Lagos, jengo linalipuka, waliokufa wanaonekana kwenye televisheni, na mjadala unahamia Ulaya na Marekani.

Katika mfululizo wa Snyder suala lilirudi mara mbili kwa filamu moja. Justice League ya 2017, iliyokamilishwa na Joss Whedon, iliingiza familia ya Kirusi katika mji wa Pozharnov, ili Flash na Superman wapate watu wa kuokoa. Familia hiyo iliongezwa mwishoni mwa utengenezaji, haina uhusiano na mhusika yeyote, na inaonekana ilivyo: raia waliowekwa ili waokolewe. Toleo la Snyder la 2021, lenye urefu wa saa nne, halikuwa nayo, na liliuacha mji ukiwa mahame.