Kusoma Seligman na Gambuti Miguuni

Kitabu cha Martin Seligman, Authentic Happiness, nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa Nairobi, kazi yangu kupokea simu za wateja, na aliyenipa ni mkufunzi aliyeletwa ofisini kutufundisha furaha. Nilikipigia mistari ya manjano kama mtu anayejiandaa kwa KCSE. Mara ya pili ni mwaka huu, Endarasha kwa shosho, katika ile baridi ya Kieni inayopita chini ya mlango bila kubisha, gambuti zangu zikikauka kando ya jiko.

Wasee, hicho si kitabu kimoja.

Kilitoka 2002, miaka 4 baada ya Seligman kuwa rais wa chama cha wanasaikolojia cha Marekani. Aliwaambia wenzake kwamba wameshughulikia magonjwa ya akili hadi wakasahau kuchunguza maisha mazuri. Hoja hiyo bado ina nguvu. Kinachonisumbua ni sura ya kazi. Humo kuna mhudumu wa hospitali anayebadilisha picha ukutani katika chumba cha mgonjwa asiyejitambua. Hakuna aliyemtuma, kwake hiyo ni sehemu ya kazi. Yaani, kazi yoyote yaweza kuwa wito, ukiamua.

Kusema kweli nilijaribu. Miaka miwili nilijifanya yule mhudumu. Nawaita wateja kwa majina, nacheka nao, namtuliza mama anayelia kwa sababu pesa zake zimeenda kwa namba ya mtu mwingine. Kisha dakika zangu zinaisha, simu inakatika, inaingia nyingine. Yule mama alirudishiwa pesa zake? Mpaka leo sijui. Nikadhani kasoro ni yangu, ati sina shukrani. Mkufunzi akasema niandike mambo matatu mazuri kila jioni. Niliandika "chai" siku nyingi sana.

Nilipoacha, mama aliuliza swali moja tu: tulikusomesha uje ulime?

Lakini ni viazi vilivyonionyesha kitu ambacho hadithi ya picha ukutani inakipita haraka. Mhudumu yule alimwona mgonjwa wake. Mimi sasa naona pia: napanda, vinachomoza, napalilia, navipandishia udongo, halafu baridi ya alfajiri moja inachoma nusu ya mistari, majani meusi. Nayo naiona. Ajabu ni kwamba hasara hiyo hainichoshi kama simu zilivyonichosha. Seligman ana maneno mazuri ya kueleza kuzama kazini, ila maana anaiweka zaidi kifuani mwa mfanyakazi. Anauliza kidogo mno kazi yenyewe imepangwa na nani, na kama unaruhusiwa kuona mwisho wa ulichoanza.

Ndiyo maana nilikisoma sambamba na Unbowed, kumbukumbu za Wangari Maathai za 2006. Maathai ni wa hapahapa Nyeri, Ihithe. Habari za miti na Nobel ya 2004 kila mtu anazo. Wachache hukumbuka 1982, alipojiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, chuo kikakataa kumrudisha, na nyumba ya chuo akatakiwa kuihama. Ana miaka 40 na kitu, hana mshahara, na anayasema hayo bila kuyapaka sukari. Ndipo Green Belt Movement, aliyoianzisha 1977, ikawa kazi yake ya kila siku. Kwa Seligman mtu hujibu maswali, akajua vipaji vyake, akachagua. Kwa Maathai mlango unafungwa kwanza, uchaguzi unakuja baadaye.

Msidhani nawauzia shamba. Viazi vyangu ni Shangi, na Shangi haikai. Wiki chache baada ya kuchimbwa inachipua. Broka analijua hilo. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 50, yeye anakuja na gunia lililoshonewa kilemba cha neti juu. Lori likishaondoka, mwisho wa kazi yangu unapotea tena, huko kwenye chipo zenu.

Juzi shosho aliniuliza kama hicho kitabu kinasema lolote kuhusu bei. Nikamwambia hapana. Akaendelea kumenya.

Wiki ijayo tunachimba. Nimemwambia broka ni kilo 50, bila kilemba. Hajapiga simu tena.