Mizani Saba za Ufa

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mizani saba huku, saba kule, na maneno yote manne yanaanza na u. Ila ndani ya usawa huo kuna hila. Kipande cha kwanza kinakipa kitenzi mizani tano na nomino mbili. Cha pili kinakipa kitenzi nne, nomino tatu. Tumevuta pumzi tu kwenye kituo, na tayari ufa umenenepa kwa silabi moja.

Anayelaumiwa ni wewe. Vitenzi vyote viwili ni vya nafsi ya pili, na hakuna mtendaji mwingine. Ufa umetoka wapi? Methali haisemi. Mjini Bariadi hilo ndilo swali la kwanza, maana udongo mweusi wa mbuga huvimba kwa mvua, husinyaa kiangazi, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka nao. Fundi anaziba, anapiga plasta. Mvua zikirudi, ufa uko palepale. Mwenye nyumba hakuzembea hata siku moja.

Zege linalojiponya linaivuruga sarufi hiyo ya lawama. Viongezi vya fuwele huchanganywa na saruji tangu mwanzo. Maji yakipenya kwenye ufa, fuwele huota na kuuziba. Henk Jonkers wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, alianza mwaka 2006 kujaribu bakteria wanaolala ndani ya zege pamoja na chakula chao, kalsiamu lakteti. Maji huwaamsha, nao hutengeneza chokaa ya kujaza nyufa za hadi milimita 0.8. Hapo kiambishi u- kinamhama mtu: ufa umejiziba.

Lakini -sipo- haijafutika, imehamia kwenye maji. Yasipofika, hakuna kinachopona. Ndiyo maana tiba hii inaufaa ukuta wa zege wa tangi la maji kuliko nyumba ya mbugani. (Kuta zenyewe za nyumba hizo mara nyingi ni za tofali, kiongezi cha zege hakizigusi.) Ufa unaojongea kila msimu huzivunja fuwele kabla hazijakomaa. Pale dawa ni kuchimba msingi mpaka kuupita udongo mweusi, au kuutoa na kushindilia kifusi cha moramu. Kazi hiyo hufanywa kabla ya ukuta na kabla ya ufa, na katika mizani kumi na nne za methali haina hata moja.